Kwa nini mtu akae saa tatu akimtazama mama anamenya viazi?

SWALI: "Mwalimu, habari za kazi. Nina kibanda cha video hapa Busia, upande wetu wa Uganda. Mteja mmoja aliniachia flashi yenye filamu ya Kifaransa inayoitwa Jeanne Dielman. Nikaiweka Jumanne mchana. Mama anapika, anapakua supu, mtoto wake anakula, anaosha vyombo. Hakuna muziki, hakuna anayepigwa. Dakika ya 20 watu walianza mluzi, dakika ya 30 wakataka shilingi zao 500. Nikawarudishia, nikaweka ya Kichina. Lakini usiku, baada ya kufunga, niliiwasha tena peke yangu, nikaitazama mpaka mwisho, pamoja na ile sehemu anamenya viazi. Sijui kwa nini sikulala. Nasikia filamu za namna hii ziko nyingi duniani na zina wapenzi wake. Wanapenda nini humo? Kweli kuna kitu, au ni watu wenye nafasi wanaojifanya? Na naweza kuzionyesha hapa bila kufilisika?"

JIBU: Ndugu yangu wa Busia, nakushukuru kwa kuandika, na nakushukuru zaidi kwa kuusema ukweli wa usiku ule. Mtu aliyechoka, aliyekwisha kuhesabu pesa na kufunga mlango, hakai tena saa tatu mbele ya skrini kwa kujifanya. Ulikuwa peke yako, ungejifanya kwa nani? Kwa hiyo kitu kipo. Tukitafute kilipo, na tuone kwa nini mchana kilijificha na usiku kikatoka.

Filamu hiyo iliongozwa na Chantal Akerman, Mbelgiji, mwaka 1975, akiwa na miaka 24 tu. Ina dakika 201. Inafuata siku tatu za mjane anayeishi na mwanawe katika nyumba ya ghorofani mjini Brussels. Anapika, anatandika, anakwenda dukani, na kila alasiri anapokea mwanamume mmoja anayemlipa. Kuna jarida la Uingereza, Sight and Sound, ambalo tangu 1952 huwauliza wachambuzi kila baada ya miaka kumi ni filamu gani iliyo bora kuliko zote. Mwaka 2022 walipiga kura zaidi ya watu 1,600, na iliyoongoza ni hiyo uliyorudishia watu pesa zao. Kura haiwezi kumlazimisha mtu apende kitu, wala sikutajii ili uwaone wateja wako wajinga. Nataka tu ujue kwamba usiku ule hukuwa na jambo la ajabu kichwani.

Sasa vikumbuke viazi. Siku ya kwanza kila kitu kinakwenda kwa saa yake. Anaviweka motoni, mgeni anakuja, mgeni anaondoka, viazi vimeiva. Siku ya pili mgeni anapoondoka, mama anatoka chumbani nywele hazijakaa sawa. Anasahau kufunika lile bakuli analotilia pesa. Anafika jikoni: viazi vimerojeka. Anaichukua sufuria, anatembea nayo, anaingia nayo bafuni, anarudi nayo, hajui aiweke wapi. Kisha anakwenda kununua viazi vingine, anakaa mezani na kuanza kumenya upya, na wewe uliye kwenye kiti unajua mtoto atarudi na chakula hakitakuwa tayari. Ndipo usingizi ulipokutoka, au nakosea?

Katika filamu za ngumi moyo hauruki mpaka jengo lilipuke, na filamu inayofuata lazima ilipue majengo mawili. Hapa moyo umeruka kwa sufuria. Umeruka kwa sababu kwa zaidi ya saa nzima mwongozaji alikufundisha utaratibu wa nyumba ile mpaka ukaujua kama wa nyumba ya mama yako. Ule mwendo wa polepole ndio uliokupa kipimo. Bila kuona viazi vikiiva sawasawa jana, vilivyoharibika leo ni viazi tu. Wateja wako waliondoka dakika ya 30, na viazi vinaharibika muda mrefu baadaye. Waliuona ukimya wote, wasipate kile ambacho ukimya ule ulikuwa unakitayarisha. Haki yao kudai pesa.

Mimi kazi yangu ni uhariri wa filamu. Kutwa nakata. Wanaohesabu mambo haya wanasema katika filamu za Marekani za miaka ya 1930 hadi 1960 shoti moja, yaani kipande cha picha kisichokatwa, ilikaa kwa wastani wa sekunde 8 hadi 11; siku hizi ni kati ya 3 na 6. Na kila mkato ni amri. Ninapokata nakuambia: tazama uso, tazama bastola, tazama mlango, sasa ogopa. Unatii kabla hujajua kama unatii. Nikiacha kukata, amri zinakoma. Sekunde chache za mwanzo jicho lako linaisoma picha na kuimaliza. Inafuata dakika mbaya, ile ya mluzi, jicho linaposubiri amri ambayo haiji. Ukiivuka hiyo, jicho linaanza kutembea lenyewe. Linakwenda kwenye kona ya chumba, kwenye pazia, kwenye mikono. Masikio nayo yanafunguka: maji yanatiririka ukutani, lifti inapanda, kuna mtu anapita nje. Hakuna aliyekuonyesha. Umeviona mwenyewe, na kitu ulichokiona mwenyewe hukisahau upesi.

Hapa lazima nimzungumzie VJ, yule mfasiri wa filamu kibandani, maana bila yeye siwezi kukujibu kwa uaminifu. Nimekulia vibandani, kwenye mabenchi ya mbao, mapazia meusi na joto la bati. Nimewapenda ma-VJ maisha yangu yote. Mtu anakaa na maikrofoni, filamu ya Hong Kong inapita mbele yake, naye anaitafsiri kwa Kiluganda na kuongeza ya kwake. Stelingi anapewa jina la kijana wa Masaka. Adui anakuwa yule mwenye nyumba anayedai kodi. Mvua ikinyesha katika filamu, VJ anauliza nani amesahau kuanua nguo. Hiyo ni sanaa kubwa, na sijui kama wengi wanajua ukubwa wake: anachukua hadithi ya mbali na kuiingiza maisha ya watu waliokaa mbele yake. Palipo na ukimya, yeye anapajaza.

Filamu ya aina yako inapaacha wazi, na kile kiti cha VJ unakalia wewe. Hakuna anayekwambia mama huyu ni nani, analalamikia nini, anamfanana nani mtaani kwenu. Lazima useme mwenyewe, kichwani, kwa maneno yako. Ulipomwona anazima taa kila anapotoka chumbani, ulimkumbuka nani? Mimi namkumbuka dada aliyenilea, ambaye hakuacha balbu ikiwaka bure hata dakika moja, akihofia Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, usije ukaisha kabla ya mwisho wa wiki. Akerman hakuwahi kusikia habari ya Yaka. Mimi ndiye niliyemletea. Mchana ule kibandani kwako watu wote walikuwa wanasubiri mtu aseme, na maikrofoni ilikuwa imelala. Usiku ulikuwa peke yako, hapakuwa na wa kumsubiri, ukaanza kusema.

Huo ndio utamu wake, kwa kadiri ninavyouelewa baada ya miaka mingi ya kuzikata na kuzitazama. Niruhusu nikuonyeshe kwa mfano wa mezani kwangu, kwa sababu maneno matupu hayatoshi.

Vijana wawili waliniletea picha walizompiga mpika chapati mmoja wa Wandegeya, Kampala. Walikuwa na kamera ya kuazima na asubuhi moja tu. Katika shoti moja yule kijana amekwisha kukanda unga, amegawa madonge tisa, ameyapaka mafuta na kuyapanga juu ya ubao, akayafunika kwa kavera, mfuko wa plastiki, ili yapumzike. Sigiri haijashika moto vizuri. Amekaa juu ya kreti la soda lililopinduliwa. Kamera iko chini, usawa wa ubao, haisogei. Mimi nikatazama, nikaelewa: anasubiri. Nikakata sekunde ya 6, nikaenda kwenye chapati ya kwanza inayorushwa kwenye kikaango. Filamu ikatoka safi kabisa, imenyooka, na haina uhai. Sote watatu tuliiona hivyo na hatukujua tatizo liko wapi.

Jioni moja nikarudi kwenye picha zote, nikaiacha ile shoti iende. Sekunde ya 10, hakuna kitu. Ya 20 nikaanza kuiona mikono yake: unga umekauka kwenye vifundo vya vidole, kidole gumba kina alama ya kuungua. Ya 30 anatazama kushoto, barabarani, kisha anayatazama madonge. Midomo inacheza kidogo, anahesabu. Ya 40 anafunua kavera. Anachukua donge la kwanza, ananyofoa kipande kidogo, analifinyanga tena liwe duara, analirudisha mahali pake. La pili vilevile. La tatu. Akifika la tisa, vile vipande vyote anavisokota kati ya viganja, na mwisho wa mstari linakaa donge la kumi. Anafunika. Sekunde ya 71.

Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Vijana wangu wenyewe hawakuona. Wakati kamera inapiga walikuwa wanabishana kuhusu betri. Na mimi, mhariri, nilikuwa nimelitupa jambo hilo lote kwa mkato wa sekunde ya 6. Tukairudisha shoti nzima, sekunde 71, bila muziki. Tulipoionyesha katika chumba chenye watu kama thelathini, mama mmoja aliyekaa mbele alisema kwa sauti ya chini, na sote tukamsikia: "Unga umepanda." Neno hilo halimo popote katika filamu. Tungeweza kumweka mtu kando ya sigiri aseme bei ya ngano imepanda, na mama yule angesikia habari ambayo huisikia kila siku redioni. Badala yake alikaa kiti cha VJ, akasema mwenyewe, na chumba kizima kikanyamaza. Tangu siku hiyo, nikitaka kukata shoti ya mtu anayesubiri, hujiuliza kwanza kama nimeshamwona anafanya nini na mikono yake.

Na kusubiri ndiyo sehemu kubwa ya maisha yetu. Taksi haiondoki mpaka ijae. Matoke yanafunikwa kwa majani ya mgomba na kuachwa yaive kwa muda wake. Hapo kwenu malori yanapanga foleni, dereva analala chini ya tela. Filamu nyingi hukata hayo yote kana kwamba tunaishi tu siku ya harusi na siku ya ajali. Anapokuja mwongozaji akasema dakika hizi nazo ni maisha, wengine tunasikia kama tumetambuliwa.

Uliuliza kama ni mchezo wa watu wenye nafasi. Naichukua hoja hiyo kwa uzito, maana wanaojifanya wapo, nimekaa nao. Lakini chimbuko la filamu hizi si starehe. Ousmane Sembène wa Senegal alikuwa kuli wa bandari mjini Marseille kabla ya kushika kamera. Mwaka 1963 alitengeneza Borom Sarret, filamu ya dakika 20 hivi. Inafuata siku moja ya mwenye mkokoteni wa farasi mjini Dakar. Abiria wanapanda bila kulipa. Mwimba sifa anamsifia mababu zake mpaka anampa pesa yote ya asubuhi. Baba mmoja anapakia maiti ya mtoto wake mchanga, wanafika makaburini, mlinzi anakataa kwa sababu karatasi hazijakamilika. Kisha tajiri mmoja anamshawishi ampeleke mtaa wa wakubwa, ambako mikokoteni hairuhusiwi. Askari anamkamata, mkokoteni unachukuliwa, tajiri ameshapanda gari na kuondoka. Mwenye mkokoteni anarudi nyumbani na farasi wake, mikono mitupu. Mwambie mwanaboda yeyote hadithi hiyo usimtajie Dakar, atadhani unazungumzia wiki yake iliyopita.

Charles Burnett alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Los Angeles. Alipiga Killer of Sheep mtaani Watts, mwishoni mwa wiki, akiwatumia majirani, kwa gharama isiyofika dola 10,000, akaimaliza mwaka 1977. Ni juu ya baba anayefanya kazi machinjioni na kurudi nyumbani hana nguvu hata ya kucheka. Kuna mahali yeye na rafiki yake wananunua injini ya gari. Wanaibeba ngazi kwa ngazi, unasikia pumzi zao, vidole vinabanwa, wanaipandisha nyuma ya pikapu na kuiacha ukingoni kabisa. Gari linaondoka, injini inaanguka, imekufa. Wanaitazama, wanapanda gari, wanakwenda zao. Kamera iko nyuma ya gari, na tunaiona ile injini inabaki barabarani, inakuwa ndogo, ndogo zaidi. Hakuna muziki wa kukuambia uhuzunike. Kwa sababu ya haki za nyimbo zilizotumika ndani yake, filamu hiyo ilikaa mpaka 2007 ndipo ikatolewa rasmi kwenye majumba ya sinema. Ilisubiri miaka thelathini, na haikuzeeka.

Hata ile kura ya 1952 niliyoitaja, ya kwanza kabisa, mshindi wake ni hadithi ya mtu maskini: Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica wa Italia, ya mwaka 1948. Baba na mtoto wake wanaitafuta baiskeli iliyoibiwa, ambayo bila hiyo kazi hakuna. Aliyecheza baba hakuwa mwigizaji, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani. Na hadithi hiyo ikafika kwetu. Mwaka 2015 Donald Mugisha na James Tayler, wa kundi la Yes! That's Us, walitoa The Boda Boda Thieves, au kwa Kiluganda Abaabi ba Boda Boda. Kijana wa mtaa wa mabanda wa Kampala anachukua boda ya baba yake aliyeumia ajalini, nayo inaibwa. Ina mwendo wa kasi kuliko hiyo yako ya viazi, lakini damu ni moja. Wewe uko Busia, mji ambao jina bodaboda lilizaliwa, enzi za baiskeli zilizobeba watu kutoka boda hadi boda. Sioni watu duniani wenye haki ya filamu ya namna hii kuliko ninyi.

Umaskini nao una sehemu yake katika sura ya filamu hizi, na sioni aibu kusema. Nyumba moja, watu wawili, mwanga wa dirishani, sauti za mtaa: hayo hayahitaji mfadhili. Asiye na pesa ya kulipua gari anaweza kumtazama mtu vizuri. Wajapani walituonyesha mapema kwamba hata mahali pa kuweka kamera panatosha kuwa msimamo: Yasujiro Ozu aliiweka chini, karibu na usawa wa mtu aliyekaa mkekani. Hivyo ndivyo alivyopiga Tokyo Story ya mwaka 1953, ya wazazi wazee wanaosafiri kwenda kuwaona watoto wao mjini na kukuta kila mtu ana shughuli. Yeyote aliyewahi kupokea simu kwamba mama yuko njiani kutoka kijijini, akaanza kupanga atamwachia nani, aitazame. Mimi siwezi kuitazama bila kumpigia mama simu baadaye.

Usije ukadhani kila kinachokwenda polepole kina kitu. Ziko filamu za mtu kutembea barabarani dakika tisa kwa sababu mwongozaji alisikia kwamba tamasha fulani linapenda watu wanaotembea. Hizo zimenichosha na nina hasira nazo, kwa sababu zinawafukuza watu kama wateja wako. Kipimo changu ni kile cha chapati. Katikati ya shoti ndefu najiuliza: ningekata hapa, ningepoteza nini? Kama kuna donge la kumi linakuja, au hata mkono tu ambao sikuwa nimeuona, naketi. Kama hakuna, mwongozaji amelala na anataka nilale naye. Na mtu aliyebeba magunia mpakani tangu saa kumi na moja alfajiri, akitaka ngumi na kicheko jioni, anajua anachohitaji. Simdai kitu.

Kuna jambo moja hukuliuliza, lakini barua yako ya Kiswahili imenifanya niliwaze. Hapa Uganda Kiswahili kwa miaka mingi kimesikika kwa amri za kambini na kwenye vizuizi vya barabarani, na wazee wengi bado wanashtuka wakikisikia. Serikali ilikiweka katika katiba kama lugha rasmi ya pili mwaka 2005, lakini karatasi haiondoi hofu. Ninyi wa Busia mnakitumia kununulia nyanya, kumwita mtoto akaoge, kumbembeleza mgonjwa. Natamani nione filamu ndefu, tulivu, ya Kiluganda, Kisamia na Kiswahili vikichanganyika jikoni kwa mtu, ambamo Kiswahili hakimpigi mtu kelele. Filamu za haraka haziwezi kutufanyia hilo, kwa sababu humo lugha ina kazi ya kutisha au kuchekesha tu. Simu yako inapiga video. Soko lenu linafunguka alfajiri. Nimeishia hapo.

Sasa biashara. Usianze na dakika 201. Anza na Borom Sarret, na usiitoze peke yake. Jumamosi watu hufika saa nzima kabla ya mpira ili wapate viti, na wameshakaa, wanasubiri. Wape dakika 20 hizo. Jenereta uisogeze mbali, nyuma ya ukuta kama upo, kwa sababu filamu hizi zinaishi kwa sauti ndogo na mngurumo unaziua. Ziba mianya ya mwanga. Kuhusu nakala, waandikie wenye haki. Waongozaji wetu wa Kampala, hasa wa filamu fupi, wengi watafurahi kusikia kuna kibanda Busia kinawataka.

VJ usimwondoe. Borom Sarret ina maneno mengi, mwenye mkokoteni anawaza kwa sauti kwa Kifaransa, na watu wako watahitaji kumwelewa. Mwambie VJ aitazame mara mbili kabla. Atafsiri kwa Kiswahili kile kinachosemwa, na pale mtu anaponyamaza katika filamu, naye anyamaze. Atapata shida, kwa maana mkono wake umezoea kujaza. Mwombe kama msanii anavyomwomba msanii mwenzake. Ikiisha, usiwashe taa haraka na usisimame kuuliza wamejifunza nini. Wenye boda wataanza wenyewe kumzungumzia yule askari.

Jeanne Dielman ije baadaye, kwa wale watakaouliza kama unayo nyingine. Wapo wenzangu watakaonilaumu kwa ushauri huu, lakini filamu ile ina siku tatu, nawe unaweza kuigawa jioni tatu mfululizo, siku moja kila jioni, kiingilio kimoja kwa zote. Jioni ya kwanza waambie mapema kabisa kwamba siku hiyo hakuna atakayepigwa na kwamba kazi yao ni kuikariri nyumba. Jioni ya pili ndiyo ya viazi. Hiyo hakikisha jenereta ina mafuta ya kutosha.